Kasarani, Nyayo au uwanja wa mtaani: mpira wa Nairobi utazamie wapi?

Ukiuliza ni uwanja upi bora Nairobi, utajibiwa kwa idadi ya watu unaowabeba. Kasarani ndio mkubwa, Nyayo unafuata, mjadala umefungwa. Lakini shabiki hakalii viti vyote, anakalia kimoja. Kitakachoamua kama alipata thamani ya pesa zake ni mambo mawili: macho yake yalikuwa mbali kiasi gani na mpira, na alitokaje pale baada ya kipenga cha mwisho. Kwa vipimo hivyo Nyayo unaushinda Kasarani katika mechi nyingi, na viwanja vidogo vya Eastlands, yaani mitaa ya mashariki mwa Nairobi, vina kitu ambacho vikubwa vyote viwili haviwezi kukupa. Kasarani una siku zake, na siku hizo hauna mpinzani mjini.

Vilikotoka

Mkongwe kati ya viwanja vinavyojulikana ni ule wa Barabara ya Jogoo. Ulianza enzi za ukoloni ukiitwa African Stadium, ukawa Donholm Road Stadium wakati barabara yenyewe ikiitwa hivyo, ukaja kuwa Jogoo Road Stadium, kisha City Stadium. Baada ya kifo cha Joe Kadenge mwaka 2019 ulipewa jina lake, ingawa kondakta wa matatu bado ataita "City Stadium" na abiria watashuka. Uko mwendo mfupi wa miguu kutoka Muthurwa, na soko la Burma liko jirani. Kwa miaka mingi mtu aliyetaka kuzijua klabu mbili hasimu za mji, Gor Mahia na AFC Leopards (iliyoanza 1964 kama Abaluhya United), alielekezwa hapo.

Nyayo ulifunguliwa 1983, pale Uhuru Highway inapokutana na Barabara ya Lang'ata. Kasarani, ambao jina lake rasmi ni Moi International Sports Centre, ulijengwa kwa msaada wa China na ukawa tayari kwa Michezo ya Afrika ya 1987. Miaka hiyo 4 kati yao ni michache, ila viwanja hivi vilijengwa kwa fikra tofauti kabisa, na tofauti hiyo shabiki anaihisi miguuni hadi leo. Nyayo uliwekwa ndani ya mji na barabara kubwa zimeukaba. Kasarani uliwekwa nje, ardhi ilipokuwa bado tele, ndiyo maana ndani ya ua wake kuna ukumbi wa michezo ya ndani, bwawa la kuogelea, hoteli, na kiwanja kidogo cha pembeni ambacho hupokea mechi za ligi. Vyote viwili viko chini ya Sports Kenya.

Kasarani umebeba mengi yasiyohusu mpira. Uhuru Kenyatta aliapishwa hapo 2013 na 2017, William Ruto akaapishwa hapo 2022. Barack Obama alihutubia Wakenya katika ukumbi wake wa ndani Julai 2015, na Novemba mwaka huohuo Papa Fransisko akakutana na vijana uwanjani. Aprili 2014 palitumika kuwazuilia watu wa jamii ya Wasomali waliokamatwa katika msako wa polisi ulioitwa Usalama Watch, na hilo nalo ni sehemu ya historia ya mahali hapa. Nyayo ndio uliochukua ibada za mazishi ya kitaifa za Daniel arap Moi mwaka 2020 na Mwai Kibaki mwaka 2022. Haya nayataja kwa sababu yanamgusa shabiki moja kwa moja. Uwanja wa taifa ukihitajiwa na serikali, mechi ya ligi ndiyo inayohamishwa.

Kwa upande wa kandanda, kila uwanja una siku yake ya kujivunia. Nyayo ndipo Harambee Stars, timu ya taifa, walipochukua kombe la CECAFA, la nchi za Afrika Mashariki na Kati, Desemba 2013 kwa kuifunga Sudan 2-0, mabao yote ya Allan Wanga. Kasarani ndipo Ghana walipolazwa 1-0 Septemba 2018. Kisha vikaja vipindi vya aibu. Kenya ilishanyang'anywa fainali za AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) 1996, ikanyang'anywa na CHAN 2018, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, kwa kutokuwa tayari, na mwaka 2024 timu ya taifa ilicheza mechi zake za "nyumbani" Malawi na Uganda. Ilirudi Nyayo Machi 2025 dhidi ya Gabon, ikafungwa 2-1. Agosti mwaka huo CHAN ikachezwa Kenya, Uganda na Tanzania. Kasarani ulikuwa na mechi zote za Harambee Stars, kuanzia ushindi wa 1-0 dhidi ya DR Congo hadi kutolewa na Madagascar kwa penalti katika robo fainali, na ukaandaa fainali ambamo Morocco waliifunga Madagascar 3-2. Mengi ya matengenezo unayoyaona sasa, kama taa na nyasi mpya, ni matunda ya mashindano hayo.

Umbali wa jicho

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea wakinunua tiketi. Nyayo na Kasarani vyote vina njia ya riadha ya mita 400 kuzunguka uwanja, na njia hiyo ina vipimo vinavyojulikana. Sehemu yake iliyonyooka ina urefu wa mita 84.39, na nusu duara za mwisho zina nusu kipenyo cha mita 36.5. Ndani yake, basi, mna nafasi ya urefu wa mita 157 na upana wa mita 73. Uwanja wa mpira wa kimataifa ni mita 105 kwa 68. Toa hesabu: pembeni, kutoka mstari wa kurushia hadi ukingo wa njia ya riadha, hubaki mita mbili na nusu. Nyuma ya goli hubaki mita 26. Ongeza njia nane za kukimbilia zenye upana wa mita 1.22 kila moja, ambazo ni karibu mita 10.

Shabiki wa mstari wa mbele kabisa pembeni yuko kama mita 12 kutoka kwenye mstari. Shabiki wa mstari wa mbele nyuma ya goli yuko mita 36 kutoka kwenye goli, na bado hatujahesabu uzio na nafasi ya kupita. Goli la upande wa pili analitazama kutoka zaidi ya mita 140. Atajua bao limefungwa kwa kelele za wenzake.

Kwa hiyo usikae nyuma ya goli katika uwanja wowote kati ya hivi viwili, hata kama nafasi ni nyingi na tiketi ni ya bei ileile. Kaa pembeni, mkabala na eneo kati ya mstari wa katikati na boksi la penalti. Usikae chini sana pia. Mistari michache ya mbele huzibwa na mabango ya matangazo, wapiga picha, wachezaji wa akiba wanaopasha misuli na askari wanaosimama kwenye njia ya riadha wakiutazama umati. Nyayo, mistari ya katikati inatosha. Kasarani, panda juu zaidi: ukiwa juu unaona mabeki wanne wakisogea kwa pamoja na unajua winga ameachwa peke yake kabla kiungo hajamwona. Mwenye kupenda kuusoma mchezo atapata raha hiyo Kasarani kuliko kwingine. Anayependa kuziona sura za wachezaji ataondoka na njaa.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayovipa nguvu viwanja vidogo. Camp Toyoyo, Jericho, hakuna njia ya riadha. Unasimama kwenye uzio na mstari uko hatua chache mbele yako. Nyasi ni za bandia, zimejazwa chembechembe nyeusi za mpira, na mchezaji akiteleza kuuwahi mpira unaziona zikiruka na kutua kwenye soksi zake. Unamsikia kipa akipanga ukuta. Unamsikia kocha akimwambia beki wa kulia aliyelala arudi nyuma, na unamsikia beki akimjibu. Kwa mtoto anayejifunza mpira, saa moja na nusu hapo ina mafunzo kuliko mechi kumi za kwenye runinga, kwa sababu runinga hufuata mpira, lakini uzioni unaweza kumfuata mchezaji mmoja na kuona anafanya nini asipokuwa nao.

Kufika na, muhimu zaidi, kutoka

Nyayo uko karibu kilomita mbili na kitu kutoka katikati ya mji. Matatu za Barabara ya Lang'ata na za Rongai, kama 15, 125 na 126, zinapita hapo. Za Rongai hupandiwa kituo cha Railways, mjini. Siku ya mechi kubwa, hata hivyo, Uhuru Highway husimama kabisa na miguu huwa ya haraka kuliko gari. Kutoka mzunguko wa Haile Selassie unapita mzunguko wa Bunyala na kuendelea moja kwa moja. Kwa mwendo wa kawaida ni kama nusu saa. Faida kubwa ya Nyayo iko wakati wa kurudi. Umati unagawanyika: wa Lang'ata na Rongai kule, wa South B, South C na Nairobi West kule, wa mjini kule. Dakika 30 baada ya mechi watu wamepungua. Ukirudi mjini kwa miguu baada ya giza, tembea na kundi na simu ibaki mfukoni, maana vipande vya Uhuru Highway kati ya mizunguko havina watu wengi mashabiki wakishapita.

Kasarani uko zaidi ya kilomita kumi kutoka mjini, kati ya Thika Road na barabara ya Kasarani kuelekea Mwiki. Kwenda ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Tangu Thika Superhighway ikamilike 2012, matatu za Githurai (45), za Thika (237) na za Mwiki (17B) zinapita kila dakika. Zinazobaki kwenye Thika Road zitakushusha steji ya Kasarani uingie kwa miguu. 17B inakata kuelekea Mwiki na kukusogeza upande wa pili wa uwanja. Chagua kwa kuangalia geti lililoandikwa kwenye tiketi, kwa sababu ua wa Kasarani ni mkubwa na kuuzunguka kwa nje kutoka upande mmoja hadi mwingine ni safari nyingine. Mtu wa Umoja, Donholm au Buruburu asipitie mjini hata kidogo. Apande gari la Outer Ring hadi Allsops, abadilishe hapo.

Kutoka ndiyo shida. Makumi ya maelfu ya watu wanamiminika kwenye barabara moja wakitafuta magari yaleyale, nauli inapanda papo hapo, na teksi za kuitwa kwa simu hazifiki karibu na geti kwa sababu polisi wamefunga njia. Anayesimama nje ya geti akingoja gari atangoja sana. Tembea. Fuata Thika Road hadi Roysambu ikiwa unaelekea Githurai na Kahawa, au rudi upande wa Ruaraka na Allsops ikiwa unaelekea mjini na Eastlands, ndipo uite gari au upande matatu. Na ukitaka kuvuka Thika Road, tumia daraja la waendao kwa miguu. Baada ya mechi ya usiku utaona vijana wakikatiza chini, wakiruka vizuizi vya katikati. Magari pale yako kasi na dereva hatarajii mtu barabarani. Daraja linakula dakika tano tu.

Mwenye gari lake atapata nafasi ya kuegesha Kasarani kuliko Nyayo, lakini kuingia si kutoka. Geuza gari litazame njia ya kutokea unapoliegesha, kwa sababu wakati wa kurudi hutapata nafasi ya kugeuza. Nyayo, acha gari mtaa wa jirani penye maegesho ya kulipia na umalizie kwa miguu.

Geti

Tarehe 23 Oktoba 2010, watu 7 walikufa Nyayo katika msongamano kwenye mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards. Hiyo ndiyo tarehe ambayo kila mwenye kwenda uwanjani Nairobi anapaswa kuijua. Kasarani nao umeona yake: asubuhi ya kuapishwa kwa Ruto Septemba 2022 watu wapatao 60 waliumia umati ulipolazimisha kuingia, na Oktoba 2025, mwili wa Raila Odinga ulipopelekwa hapo kuagwa, walinda usalama walifyatua risasi na gesi ya machozi na watu wakapoteza maisha. Mashabiki waliovunja mageti wakati wa CHAN ndio waliosababisha CAF, shirikisho la soka la Afrika, kuziwekea mechi za Harambee Stars kikomo cha mashabiki 27,000 na kukubali tiketi za kielektroniki pekee.

Chanzo cha msongamano wa getini ni kilekile kila mara. Walio nyuma hawaoni kwamba mbele pamefungwa. Wanasikia shangwe ndani, wanadhani mechi imeanza, wanasukuma. Walio mbele wanabanwa kwenye chuma au ukuta na hawana pa kwenda. Anayekufa hufa kwa kukosa pumzi, mara nyingi akiwa bado amesimama wima, kabla hata ya kukanyagwa.

Dawa ya kwanza ni saa. Mechi ya saa tisa mchana kati ya Gor na Leopards, uwe umeshaketi saa saba na nusu. Mechi ya taifa, ongeza saa nzima. Ukifika ukakuta kifua cha mtu mbele yako na mgongo wako umeguswa, na foleni haisogei, ondoka ungali unaweza. Bao la mapema utaliona kwenye marudio. Ukiwa umeshabanwa, inua mikono kama bondia, ngumi mbele ya kifua, ili mbavu zipate nafasi ya kupanuka. Usisukumane na umati. Subiri wimbi lilegee, kisha sogea kwa mshazari kuelekea pembeni, mbali na ukuta na chuma. Kitu kikianguka, hata kama ni simu, kiache. Mtoto mbebe mabegani au kifuani, usimshike mkono tu.

Nyayo ndio wenye hatari zaidi kwa jambo hili, kwa sababu nafasi ya nje kati ya geti na barabara ni finyu. Kasarani una uwanda mpana nje ambako umati unaweza kutawanyika, ilimradi mageti yote yaliyopangwa yafunguliwe. Viwanja vidogo vina geti moja au mawili na hakuna anayesimamia foleni, ila kwa kawaida watu hawazidi. Wakizidi, yaani timu kubwa ikihamishiwa uwanja mdogo, hapo ndipo mahali pabaya kuliko pote. Kwa hiyo naona derby, yaani mechi ya mahasimu kama Gor na Leopards, kwenye uwanja wa mtaani si ya kwenda na mtoto: hakuna kinachotenganisha mashabiki wa pande mbili, na jiwe la kwanza likirushwa hakuna pa kukimbilia.

Tiketi, jua, mvua

Mechi ya kawaida ya ligi mara nyingi huwa karibu shilingi 200 kwa jukwaa la kawaida na 500 kwa VIP. Derby na mechi za taifa hupanda. Nunua kwa simu kwenye njia iliyotangazwa na waandaaji. Usinunue karatasi kutoka kwa kijana aliye nje ya geti, kwa maana msimbo wa tiketi husomwa mara moja tu. Ukishasomwa kwa mtu mwingine, wewe ni wa kurudi nyumbani. Kwa sababu hiyohiyo usiweke picha ya tiketi yako mtandaoni kabla ya kuingia. Hifadhi picha ya msimbo kwenye simu, kwani karibu na geti intaneti huzidiwa na watu, na simu iwe na chaji.

Kulipia VIP kuna maana kwa sababu moja tu, nayo ni paa. Jukwaa kuu la viwanja vingi huupa mgongo upande wa magharibi ili jua la jioni lisiwapige wageni wa heshima. Walio mkabala nalo, upande ambao mashabiki wa Nairobi wameuita Russia tangu zamani, hulipokea usoni kuanzia saa tisa hadi linapozama. Kofia yenye ukingo inasaidia kuliko miwani. Kelele, ngoma na nyimbo, hata hivyo, ziko Russia. Mtu anayekwenda kuwaona K'Ogalo, kama Gor Mahia wanavyoitwa, kwa mara ya kwanza akikaa VIP atakuwa ameona nusu ya mechi.

Mvua ndefu za Machi hadi Mei na fupi za Oktoba hadi Desemba hunyesha sana alasiri, wakati wa mechi. Mwavuli unazuia wa nyuma yako kuona, na unaweza kukataliwa getini. Koti la mvua ndilo jibu. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, basi beba mfuko wa kitambaa, na kipande cha nguo cha kufutia kiti, maana viti huwa na vumbi la wiki nzima au maji ya mvua ya asubuhi. Julai na Agosti, mechi ya usiku Kasarani, vaa sweta na juu yake jaketi. Chupa huzuiliwa getini, kwa hiyo kunywa maji kabla ya kuingia.

Chakula kizuri kiko nje: smokie na kachumbari, mayai ya kuchemsha, mahindi ya kuchoma, njugu. Kwa hili City Stadium haushindiki, kwa kuwa nyama choma ya Burma iko jirani. Kasarani, kula kabla hujafika, kwa sababu ukishaingia ndani ya ua kurudi nje ni kupoteza nafasi.

Basi uende wapi

Ukiwa na wikendi moja tu Nairobi na unataka kujua mpira wa hapa ulivyo, tafuta mechi ya ligi ya Gor au Leopards Nyayo, dhidi ya timu yoyote isiyokuwa mwenzake. Utapata nyimbo bila hofu ya derby, utaona vizuri ukikaa pembeni, na saa moja baada ya mechi utakuwa umeketi mbele ya sahani ya chakula mjini.

Ukiwa na watoto chini ya miaka kumi, waanzishe kwenye kiwanja kidogo, mechi ya ligi ya wanawake, ya madaraja ya chini au ya vijana. Camp Toyoyo ni chaguo zuri. Ruaraka, uwanja wa Kenya Breweries ambao ndio chimbuko la Tusker FC, uko kando ya Thika Road na ni tulivu. Dandora, uwanja wa kaunti unaopokea mechi za ligi kuu, una mashabiki wa mtaa wanaoujua mchezo, lakini angalia kwanza ni timu gani zinacheza. Ulinzi Sports Complex, Lang'ata, uko ndani ya eneo la jeshi, kwa hiyo mtu mzima abebe kitambulisho na asipige picha ovyo njiani.

Timu ya taifa ikicheza Kasarani, nenda Kasarani, foleni na yote. Wimbo wa taifa ukiimbwa na bakuli lile lililojaa ni jambo ambalo Nyayo hauwezi kulitoa. Panga tu siku nzima kwa ajili yake na umwambie unayemwachia watoto kwamba utachelewa.

Asiyetaka mechi bali anataka kuuona uwanja wenyewe, aende siku ya kazi. Nyayo una bwawa na ukumbi wa mazoezi unaotumiwa na wananchi kwa malipo, na Kasarani vivyo hivyo una bwawa. Uliza ofisini kuhusu kukimbia kwenye njia ya riadha. Usitarajie makumbusho wala mtu wa kukutembeza kama ilivyo katika viwanja vya Ulaya. Historia ya mahali hapa haijaandikwa ukutani, iko vichwani mwa wazee wa mashabiki, na hao unawapata siku ya mechi.

Upande wa Ngong Road, Jamhuri, uwanja wa Talanta ulianza kujengwa 2024 kwa ajili ya AFCON 2027, ambayo Kenya inaandaa pamoja na Uganda na Tanzania. Umepangiwa viti 60,000 na umechorwa kwa ajili ya kandanda, jambo ambalo mashabiki wa mji huu wamelingoja tangu 1983: kukaa karibu na goli. Swali litakalobaki ni la barabara, kwani watu 60,000 wakitoka usiku kuingia Ngong Road ni mtihani ambao njia hiyo haijawahi kupewa.

Kwa sasa, kabla hujalipia chochote, thibitisha mahali pa mechi asubuhi ya siku yenyewe. Mechi za ligi Nairobi huhamishwa kutoka Nyayo kwenda Dandora au kiwanja kidogo cha Kasarani kwa taarifa ya siku moja au mbili, na wakati mwingine saa ya kuanza hubadilika pia. Kurasa za klabu hutangaza mabadiliko mapema kuliko magazeti, na tangazo la timu mwenyeji ndilo la kufuata.